Taa wa baharini na selaginela ya msituni: Viumbe viwili vya chini, mto mmoja

MWANAFUNZI wa Kibera au Kawangware akiambiwa alinganishe samaki aitwaye taa na mmea mdogo uitwao selaginela, huenda kwanza akacheka. Mmoja ni mnyama wa maji ya chumvi. Mwingine ni mmea utambaao juu ya udongo penye kivuli. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita zaidi ya 480 kwa barabara, na si kila mtoto wa mitaa hiyo miwili aliyewahi kupata nafasi ya kuiona bahari. Je, vitu hivyo viwili vina uhusiano gani?

Jibu la haraka ni kwamba si jamaa. Wanasayansi wanakadiria kwamba ukoo wa wanyama na ukoo wa mimea ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hata hivyo, ulinganisho huu una faida. Unamfunza msomaji kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kufanana kwa umbo na kufanana kwa asili. Isitoshe, maji ya mvua inyeshayo juu ya mabati ya Kibera na Kawangware husafiri hadi bahari anamoishi taa. Kwa hivyo suala hili liko karibu na mlango wa mkazi wa mitaa hiyo kuliko anavyodhani.

Taa ni samaki wa namna gani?

Katika Kiswahili neno taa lina maana mbili, na ngeli ndiyo inayozitenganisha. Tunaposema "taa imezimika", twazungumzia chombo cha kutoa mwangaza. Tunaposema "taa amejificha mchangani", twamzungumzia samaki bapa mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Baadhi ya watu wa pwani humwita nyenga.

Taa ni wa jamii moja na papa. Samaki hawa hawana mifupa kama ya tilapia au sangara tunaowazoea sokoni. Kiunzi cha mwili wao ni gegedu, kitu kigumu kiasi lakini chenye kunyumbuka, mfano wa kile kilichomo katika sikio na ncha ya pua ya binadamu. Mapezi ya ubavuni yametanuka na kuungana na kichwa, hata mwili mzima ukawa kama sahani. Macho yako juu, nao mdomo na matundu ya matamvua yako chini.

Umbo hilo lina tatizo lake. Samaki aliyelalia mchanga akivuta maji kwa mdomo, atavuta na mchanga pia. Kwa sababu hiyo, taa ana matundu mawili nyuma ya macho ambayo kupitia kwayo huvuta maji safi kutoka juu, kisha huyatoa kwa matundu ya matamvua yaliyo tumboni.

Ziko aina nyingi za taa katika Bahari Hindi. Katika makala haya tumemchagua taa wa madoa ya samawati, ambaye jina lake la kisayansi ni Taeniura lymma. Huyu hupatikana kutoka pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi Australia. Upana wa mwili wake hufikia takriban sentimita 35. Ngozi yake ni ya rangi ya mchanga au kahawia, imetapakaa madoa ya samawati yenye kung'aa, na mkia wake una mistari miwili ya rangi hiyo. Hukaa katika maji ya kina kifupi penye matumbawe. Maji yanapojaa hutoka kwenda kwenye mchanga kutafuta kaa, kamba, chaza na minyoo ya baharini. Maji yanapokupwa hurudi kujificha katika mapango na chini ya miamba.

Mkiani ana mwiba, na pengine miwili, wenye sumu. Taa hautumii kuwindia bali kujikinga, na aghalabu humchoma mtu aliyemkanyaga bila kumwona. Ndiyo sababu anayetembea majini hushauriwa aburure miguu badala ya kuinyanyua, ili taa ashtuke na kwenda zake. Aliyechomwa hushauriwa kulowesha jeraha katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika bila kuungua, kwa kuwa joto hupunguza maumivu, kisha akimbizwe hospitalini. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe na mtu asiye daktari. Wengi watakumbuka kwamba mwanahifadhi mashuhuri wa Australia, Steve Irwin, alifariki Septemba 2006 baada ya kuchomwa kifuani na taa wa aina nyingine, mkubwa zaidi.

Selaginela ni mmea gani?

Mmea huu haujapata jina la Kiswahili lililoenea, na hapa tutautaja kwa jina la kisayansi lililotoholewa. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni kuvumwani au kangaga changa. Sivyo. Kuvumwani haina mishipa halisi ya kupitishia maji, hali selaginela inayo. Kangaga ina majani mapana yenye mishipa iliyotawanyika, hali kila jani la selaginela ni dogo mno na lina mshipa mmoja tu usiogawanyika.

Duniani kuna zaidi ya aina 700 za selaginela. Ile tuliyoichagua ni Selaginella kraussiana, mwenyeji wa Afrika, ambayo humea katika misitu yenye unyevu ya nyanda za juu za Kenya na kwingineko barani. Shina lake ni jembamba na hutambaa ardhini likigawanyika mara kwa mara. Majani yake yamepangwa katika safu nne. Safu mbili za majani makubwa kidogo zimelala ubavuni, na safu mbili za majani madogo zaidi ziko juu ya shina. Kwa mpangilio huo mmea huwa kama zulia la kijani lililotandikwa chini ya miti.

Selaginela haitoi maua, matunda wala mbegu. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Kinachoitofautisha na kangaga nyingi ni kwamba ina spora za namna mbili. Zile kubwa, ambazo ni chache, huzaa sehemu ya kike. Zile ndogo kama vumbi, ambazo ni nyingi mno, huzaa sehemu ya kiume. Mbegu ya kiume haina budi kuogelea katika utando wa maji ili iifikie yai. Kwa maneno mengine, mmea huu wa nchi kavu bado unahitaji tone la maji ili upate kizazi.

Ni ajabu kwamba mmea huu wetu mnyenyekevu umekuwa kero ugenini. Ulipelekwa New Zealand kama pambo la bustani, ukatoroka na kutanda msituni hata ukazuia miche ya miti ya kienyeji kukua. Leo kuuza na kusambaza mmea huo ni marufuku nchini humo.

Yanayofanana

Mfanano wa kwanza ni umbo. Taa na selaginela vyote viwili vimejibapaza na kukaa chini. Taa amefanya hivyo ili asionekane na adui, na pia awe karibu na chakula kilichofukiwa mchangani. Selaginela imefanya hivyo ili kila jani lipate sehemu yake ya mwanga mdogo unaopenya kati ya miti mirefu. Sababu ni mbalimbali, lakini matokeo yanakaribiana. Huu ndio mfanano wa mazingira, usiokuwa mfanano wa damu. Popo na kipepeo wote huruka, lakini hakuna adhaniye kuwa ni ndugu.

Mfanano wa pili ni ukale. Visukuku vinaonyesha kwamba ukoo wa mimea ambao selaginela imo ulikuwapo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Takriban miaka milioni 300 iliyopita, baadhi ya jamaa zake walikuwa miti iliyozidi mita 30 kwa urefu, na mabaki ya misitu hiyo yamekuwa sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ulaya na Marekani. Miti hiyo mikubwa ilitoweka, wakabaki hawa wadogo. Samaki wa gegedu nao wana historia ya zaidi ya miaka milioni 400, ingawa taa wenyewe walitokea baadaye, katika kipindi cha Jura. Hivyo basi, mababu wa viumbe hivi viwili waliishi kabla ya dunia kuona ua la kwanza.

Mfanano wa tatu ni wa kihistoria, na haujulikani sana. Mwaka 1761 msafara uliodhaminiwa na mfalme wa Denmark uliondoka kwenda Uarabuni. Miongoni mwa wasomi wake alikuwamo Peter Forsskål, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763 kwa malaria. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyerudi peke yake miongoni mwa wasafiri hao, alichapisha maandishi yake mwaka 1775. Katika kitabu cha wanyama yumo taa wa madoa ya samawati, na katika kitabu cha mimea imo selaginela ya Uarabuni, ambayo leo huitwa Selaginella imbricata. Msomi mmoja, katika safari moja, aliinama kumtazama samaki wa mchangani na mmea wa miambani.

Samawati isiyo na rangi

Mfanano wa nne unahusu rangi, na ndio unaowashangaza wanasayansi hadi leo. Rangi nyingi tunazoziona katika viumbe hutokana na kemikali, kama ilivyo kijani cha majani. Lakini samawati ni adimu, na mara nyingi haitokani na kemikali ya rangi hiyo. Hutokana na jinsi tabaka ndogo mno za mwili zinavyouchezea mwanga.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulieleza kwamba madoa ya Taeniura lymma hufanyika kwa njia hiyo. Ndani ya seli za ngozi mna vifuko vidogo vyenye fuwele ambavyo hurudisha mwanga wa samawati. Tabaka jeusi lililo chini yake humeza mwanga uliobaki, na kwa hivyo doa huonekana samawati kutoka kila upande.

Selaginella kraussiana ya Kenya ni kijani tu. Lakini jamaa yake wa misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia, Selaginella willdenowii, ana majani yanayometa samawati katika kivuli kizito. Hapo pia hakuna rangi ya samawati ndani ya jani, bali utando mwembamba juu yake ndio unaorudisha mwanga huo. Tofauti ni kwamba jani la mmea huo likilowa maji, samawati hutoweka, na likikauka hurudi. Madoa ya taa, kwa upande wake, hung'aa yangali ndani ya maji. Viumbe viwili visivyo na undugu vimefikia jambo moja kwa njia mbili tofauti.

Yanayotofautiana

Tofauti iliyo wazi kabisa ni chakula. Selaginela hujitengenezea chakula kwa usanidinuru, ikitumia mwanga, maji na hewa. Taa hana uwezo huo, naye sharti ale kiumbe kingine. Humtambua windo lake hata akiwa amefunikwa na mchanga, kwa sababu ana vihisio vinavyonasa umeme mdogo unaotokana na misuli ya wanyama wengine.

Tofauti ya pili ni uzazi, na hapa pana somo kubwa kwa wahifadhi. Selaginela hutoa spora kwa wingi na kuziachia bahati. Vilevile kipande cha shina kikikatika na kuangukia udongo wenye unyevu, huweza kuota na kuwa mmea kamili. Taa wa madoa ya samawati hazai mayai nje. Mayai huanguliwa ndani ya mwili wa mama, na watoto hulishwa kwa majimaji yenye lishe kutoka katika mji wa mimba. Baada ya miezi kadhaa huzaliwa wakiwa kamili, na hawazidi saba kwa mara moja. Samaki azaaye watoto wachache hivyo hawezi kuvuliwa kama dagaa na asipungue.

Si ajabu, basi, kwamba tathmini ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, iliyotangazwa Septemba 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya aina zote za papa na taa duniani zimo hatarini kutoweka. Sababu kuu iliyotajwa ni uvuvi wa kupita kiasi.

Tofauti ya tatu ni namna ya kukabili shida. Taa akiona maji yamechafuka huondoka. Mmea hauna miguu wala mapezi. Kivuli kikiondolewa na udongo ukikauka, selaginela ya msituni hunyauka papo hapo ilipo. Ziko aina nyingine za selaginela zimeazo juu ya miamba mikavu, ambazo hujikunja wakati wa kiangazi zikaonekana zimekufa, kisha hukunjuka mvua inyeshapo. Lakini Selaginella kraussiana, iliyozoea kivuli na unyevu, si mmea wa jua kali.

Mto mmoja

Jina Kibera lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi waliotumikia jeshi la Uingereza walipewa makao hapo, mahali palipokuwa na miti. Msitu wa Ngong Road, ulio jirani, ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na takriban hekta 2,900. Kwa miongo mingi vipande vyake viligawanywa kwa matumizi mengine hata ukabaki na hekta zipatazo 1,200. Kila kipande cha msitu kinapoondoka, mimea mirefu ndiyo hutajwa na kuhesabiwa. Ile ya chini, iliyotegemea kivuli chake, huondoka bila kutajwa.

Kupitia msitu huo hutiririka mto Motoine, ambao huingia Kibera na kumwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 ili kuwapa wakazi maji, lakini baadaye lilijaa tope, maji taka na gugumaji. Kutoka hapo mto huitwa Ngong, hupita Eneo la Viwanda, kisha huungana na Mto Nairobi mashariki mwa jiji. Mto Nairobi nao huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na kupita bondeni karibu na Kawangware kabla ya kufika katikati ya jiji.

Mito hiyo yote huishia katika mto Athi. Athi ukipokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi, mji ambao hifadhi yake ya baharini, pamoja na ile ya Watamu, ilianzishwa mwaka 1968. Msimu wa mvua, maji ya bahari pwani ya Malindi hugeuka rangi ya udongo mwekundu kwa sababu ya tope la Sabaki.

Historia ya tope hilo imeandikwa katika matumbawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kama mti unavyohifadhi miaka yake katika duara za shina, tumbawe nalo huhifadhi kumbukumbu za maji yaliyolizunguka. Ilibainika kwamba kiasi cha udongo ulioletwa na mto kiliongezeka sana kuanzia mapema karne ya 20, wakati ambapo kilimo na makazi yalipanuka katika bonde la mto huo.

Hapa yafaa kutahadhari. Haimaanishi kwamba kila taa anayetoweka Malindi ameuawa na maji taka ya Kibera. Sehemu kubwa ya udongo hutoka mashambani na kwenye malisho, na taa hupunguzwa zaidi na nyavu kuliko na tope. Wala si haki kuwalaumu wakazi wa mitaa ambayo kwa miaka mingi haikuwekewa mabomba ya majitaka ya kutosha. Wao ndio wa kwanza kuumia. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha wengi kwamba mto ulionyang'anywa kingo na miti yake hurudi kudai nafasi.

Lakini yamaanisha kwamba kuhifadhi msitu wa juu na kuhifadhi bahari ya chini ni kazi moja. Miti iliyo kando ya Motoine hushika udongo. Chini ya miti, mimea midogo itambaayo hufunika ardhi ili matone ya mvua yasiichimbe. Udongo uliobaki Nairobi hauwezi kufunika matumbawe ya Malindi.

Mwanafunzi atakaye kuendelea na uchunguzi huu anaweza kuanzia Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako kuna Hebaria ya Afrika Mashariki yenye hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa na kupewa majina. Habari za samaki wa bahari hutafitiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake Mombasa. Na kabla ya kwenda huko kote, anaweza kusimama kando ya kijito kilicho karibu na kwao baada ya mvua, atazame rangi ya maji, na ajiulize yanakwenda kwa nani.